SAYYID AHMED BIN SUMAIT: KADHI WA UNGUJA, MGENI WA ISTANBUL NA MTUNZI WA MASHAIRI

Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Katika darsa zetu za baada ya sala ya Magharibi hapa Kizimkazi kuna suali moja ambalo halichoki kurejea. Wanafunzi huuliza: Je, inajuzu kwa mwanachuoni kushika kazi ya serikali na kula mshahara wake, hali ya kuwa serikali hiyo haihukumu kwa sharia katika kila jambo? Wapo vijana wanaoona kuwa kila sheikh aliyekalia kiti cha ukadhi au uMufti ameiuza dini yake. Na wapo watu wazima wanaoona kuwa akishapewa mtu cheo hicho basi limekwisha, kila atakalosema ni haki na wengine wote wanyamaze. Makundi haya mawili yamesababisha ugomvi katika misikiti yetu, na wakati mwengine watu wa kijiji kimoja wamefika hadi ya kutosalimiana.

Suali hili si geni. Imam Abu Hanifa (Allah amrehemu) aliukataa ukadhi akaadhibiwa kwa kuukataa. Mwanafunzi wake mkubwa, Imam Abu Yusuf, akaukubali na akawa Kadhi Mkuu katika zama za Harun Rashid. Imam Shafi naye, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo, aliwahi kushika kazi ya serikali katika mji wa Najran, na kazi hiyo ikamletea fitina mpaka akapelekwa mbele ya Khalifa katika mwaka 184 Hijria. Hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye umma umemtoa katika daraja yake. Kwa hivyo jambo hili lina upana wake na lina mipaka yake.

Tumeona kuwa njia nzuri ya kulieleza ni kuyaangalia maisha ya mwanachuoni wetu wenyewe, aliyekuwa kadhi chini ya masultani saba wa Zanzibar, akaacha kazi yake na kwenda mpaka Istanbul, makao makuu ya Dola ya Uthmaniya, kisha akarejea na kuhukumu katika zama ngumu za himaya ya Kiingereza. Huyo ni Sayyid Ahmed bin Abubakar bin Sumait. Pamoja na yote hayo alikuwa mtunzi wa mashairi, na hilo nalo lina fiqhi yake.

MSIKITI WETU NA KITABU CHETU

Kabla hatujaingia katika tarehe yake, tuanze na jambo lililo mbele ya macho yetu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kufi yaliyochongwa katika mawe kwenye kibla, nayo yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Maandishi hayo ni miongoni mwa ya zamani kabisa yenye tarehe katika mwambao wote wa Afrika ya Mashariki. Upande mwengine wa mihrabu kuna tarehe ya kutengenezwa upya kwa msikiti, mwaka 1184 Hijria. Mwaka ulipochongwa ukuta ule, Imam Nawawi, mtungaji wa Minhaj at-Talibin, alikuwa bado hajazaliwa kwa miaka 131, kwani yeye amezaliwa mwaka 631 Hijria na kufariki mwaka 676.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Wengi wetu tunasali mbele ya maandishi yale, tunayatukuza na tunawaonesha wageni, lakini tukiambiwa tuyasome hatuwezi. Khati ya Kufi ina utaratibu wake, na asiyeujua utaratibu huo anaona mapambo tu. Minhaj nayo iko katika hali hiyo hiyo. Kwa karne nyingi imekuwa ndiyo tegemeo la Mashafi wa mwambao huu katika sala, ndoa, mirathi na hukumu. Lakini ina istilahi zake, na asiyezijua atasoma maneno bila ya kufahamu hukumu. Sayyid Ahmed bin Sumait ndiye aliyetuandikia ufunguo wa kitabu hicho, na tutaufikia ufunguo huo Inshaallah.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Sayyid Ahmed alizaliwa Itsandraa, katika kisiwa cha Ngazija, mwaka 1277 Hijria, sawa na 1861 Miladia. Asili ya ukoo wake ni masharifu wa Kiba'alawi kutoka Shibam, Hadharamaut. Baba yake, Sayyid Abubakar bin Abdallah bin Sumait, alikuwa mwanachuoni na mfanyabiashara, mtu wa majahazi na safari. Katika ujana wake Sayyid Ahmed naye alifuata njia hiyo ya biashara na bahari, huku akisoma kwa baba yake na kwa masheikh wa Ngazija, akiwemo Sayyid Abul Hassan bin Ahmed Jamalilleil.

Hapa pana zingatio kwa wanafunzi wetu. Mwanachuoni huyu hakuanza maisha yake akisubiri kulishwa na watu. Alikuwa na mkono wake katika kazi, na mtu mwenye kazi yake haogopi sana kunyang'anywa cheo.

Kiasi ya mwaka 1881 alikwenda Hadharamaut kutafuta ilimu kwa wakubwa wa zama zile. Miongoni mwa aliosoma kwao ni Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Sayyid Aydarus bin Umar al-Habshi na Sayyid Ahmed bin Hassan al-Attas. Baadaye katika maisha yake alirejea huko zaidi ya mara moja, na hali ya kuwa keshakuwa kadhi mwenye kutajika. Hakuona haya kukaa tena chini mbele ya masheikh zake.

KADHI WA SEYYID BARGHASH NA MGENI WA ISTANBUL

Aliporejea, Seyyid Barghash bin Said (aliyetawala 1870 hadi 1888) alimpa ukadhi hapa Unguja, naye akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Ilikuwa ni ada ya masultani wa Zanzibar, ingawa wao wenyewe walikuwa Maibadhi, kuweka makadhi wa madhehebu mawili: wa Kiibadhi na wa Kishafi, kwa kuwa raia wengi wa visiwa hivi na wa mwambao ni Mashafi. Utaratibu huo ulikuwa na busara kubwa, lakini haukuzuia mivutano. Zama za Seyyid Barghash zilikuwa kali katika mambo ya madhehebu. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa alitiwa gerezani na Seyyid Barghash katika mwaka 1887, na hakutolewa mpaka Sultani huyo alipofariki mwaka 1888.

Sayyid Ahmed naye uhusiano wake na Seyyid Barghash uliharibika. Basi kiasi ya mwaka 1885 akauacha ukadhi, akaiacha Unguja, akasafiri mpaka Istanbul.

Huko alifikia kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, maarufu kwa jina la Fadhl Pasha. Inafaa tumueleze mtu huyu kidogo, kwani yeye ndiye mfano wa mwanachuoni aliyekuwa mtu wa dola hasa. Sayyid Fadhl alizaliwa Malabar, Bara Hindi, katika ukoo wa masharifu wa Hadharamaut kama wa Sayyid Ahmed. Waingereza walimlazimisha kuihama nchi yake mwaka 1852, wakimtuhumu kuwa fatwa zake na hotuba zake ndizo zilizokuwa zikiwachochea Waislamu wa Malabar kuinuka dhidi ya wenye ardhi na watawala. Akahamia Makka. Mwaka 1876 akashika utawala wa Dhofar kwa jina la Dola ya Uthmaniya, lakini mwaka 1879 makabila ya huko yakamuinukia na akaondolewa. Baada ya hapo akaishi Istanbul, Sultani Abdulhamid wa Pili akampa daraja ya uwaziri, na akawa miongoni mwa masheikh waliokuwa karibu naye mpaka alipofariki mwaka 1900. Pamoja na siasa zote hizo aliandika vitabu vya tariqa ya Alawiyya.

Sayyid Ahmed alikaa kwake kiasi cha mwaka mmoja, akisoma na kuona kwa macho yake namna dola kubwa ya Kiislamu inavyoendeshwa na namna inavyoelemewa. Sultani Abdulhamid alimtunuku nishani ya Majidi. Kisha Sayyid Ahmed akapita Misri, Hijazi na Bara Hindi. Alipopata khabari ya kufariki kwa Seyyid Barghash akarejea Unguja mwaka huo huo wa 1888, na Seyyid Khalifa bin Said akamrejeshea ukadhi.

Tuangalie tendo hili kwa makini. Kijana wa miaka 24 alikuwa na cheo katika mji uliokuwa kituo cha biashara cha Bahari ya Hindi yote. Palipokuwa hapakaliki, hakupanda membari kuwachochea watu wamwage damu, na wala hakubaki akiinamisha kichwa ili mshahara usikatike. Aliondoka. Na katika kuondoka kwake hakupoteza wakati, bali alizidisha ilimu. Na hakung'ang'ania kubaki Istanbul, alipokuwa amekwishapata mlango mkubwa na nishani kifuani. Alirudi kwa watu wake, wenye haja naye.

HUKUMU YA UKADHI KATIKA MADHEHEBU YETU

Sasa turudi kwenye suali letu. Imam Nawawi katika mlango wa ukadhi anatufunza kuwa kazi hii ni faradhi ya kutoshelezana. Yaani lazima awepo mtu wa kuifanya, na wasipopata mtu Waislamu wote wanapata dhambi. Ikiwa katika nchi hakuna afaaye ila mtu mmoja tu, basi inamlazimu huyo kuikubali, na hata kuitafuta. Ikiwa wapo wengine, hukumu inabadilika kwa mujibu wa hali yake na hali yao.

Kisha anataja masharti ya kadhi: Uislamu, baleghe na akili, uungwana, uanaume, uadilifu, kusikia, kuona, kusema, uwezo wa kuifanya kazi, na kuwa mujtahidi. Lakini hakuishia hapo. Anasema kuwa masharti haya yakishindikana kupatikana kwa mtu mmoja, na mtawala mwenye nguvu akamteua mtu asiyeyatimiza, kama muqallid, hukumu zake zinapita kwa sababu ya dharura. Kwa nini? Kwa sababu watu wanaoa, wanaachana, wanakufa na kuacha mayatima. Haiwezekani mambo haya yasimamishwe mpaka apatikane mujtahidi na mtawala aliyekamilika.

Huo ndio upana tuliousema. Ama mipaka, hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) imewagawa makadhi mafungu matatu, na mawili kati ya hayo ni ya motoni: aliyeijua haki akahukumu kinyume chake, na aliyehukumu kwa ujinga. Anayesalimika ni aliyeijua haki na akahukumu kwayo. Tena wanavyuoni wetu wamekataza kadhi kupokea zawadi ya mwenye kesi mbele yake, na ya mtu asiyekuwa na ada ya kumpa kabla hajapata cheo.

Basi anayesema kuwa ukadhi chini ya mtawala asiyekamilika ni haramu moja kwa moja, ameipinga kauli ya madhehebu yake mwenyewe. Na anayesema kuwa uteuzi wa serikali unatosha kuwa ni ushahidi wa haki, ameisahau hadithi ya makadhi watatu.

CHINI YA BENDERA MBILI

Miaka miwili tu baada ya Sayyid Ahmed kurejea, yaani mwaka 1890, Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza. Mwaka 1896 manowari za Kiingereza zikaipiga mizinga kasri ya Sultani. Mwaka 1897 hadhi ya kisharia ya utumwa ikaondolewa kwa amri iliyotolewa kwa jina la Sultani. Mwaka 1905 ikaundwa Kamisheni ya Wakfu. Mwaka 1908 ikatoka amri mpya ya mahkama, na kidogo kidogo mamlaka ya makadhi yakapunguzwa, majaji wa Kiingereza wakawa juu yao. Mwaka 1913 mambo ya Zanzibar yakahamishiwa Wizara ya Makoloni huko London.

Katika miaka yote hiyo Sayyid Ahmed alikuwa kadhi. Alimuona Seyyid Ali bin Said, Seyyid Hamad bin Thuwaini, Seyyid Hamoud bin Muhammad, Seyyid Ali bin Hamoud na Seyyid Khalifa bin Haroub. Ukiongeza Seyyid Barghash na Seyyid Khalifa bin Said, ni masultani saba.

Msomaji huenda akauliza: mtu aliyemuacha Seyyid Barghash, Muislamu mwenzake, vipi asiwaache Waingereza? Tunavyoona sisi, jawabu liko katika ile hukumu ya dharura. Mkubwa wa nchi anapokuwa Muislamu na mahkama zimesimama, kadhi mmoja akiondoka huja mwengine, na dini haipungui. Lakini mahkama zenyewe zinapopunguzwa kila mwaka, kadhi mjuzi akiondoka, kiti chake hakikaliwi na mjuzi kuliko yeye. Hukaliwa na asiyejua, au huvunjwa kabisa. Kuondoka ni haki pale kuondoka kunapoilinda haki, na kubaki ni wajibu pale kubaki ndiko kunakoilinda. Kipimo hicho hakijui fakhari wala ghadhabu, na ni kigumu kuliko kauli mbili zile tunazozisikia misikitini.

Tena tusisahau kuwa hakubaki kwa ajili ya kiti tu. Yeye na sahibu yake Sheikh Abdallah Bakathir, aliyetoka Lamu na kuasisi madrasa ya Ukutani katika Mji Mkongwe, waliifanya Unguja kuwa chuo kikubwa cha ilimu kwa mwambao wote. Mchana kadhi, na baada ya hapo mwalimu.

AL-IBTIHAJ: UFUNGUO WA MINHAJ

Katika vitabu vyake vipo *Tuhfat al-Labib* na *Manhal al-Wurrad*, ambavyo ni sherehe za mashairi ya Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad. Lakini kitabu chake chenye manufaa zaidi kwa wanafunzi wa fiqhi ni *al-Ibtihaj fi Bayan Istilah al-Minhaj*, yaani maelezo ya istilahi za Minhaj. Kilichapwa Misri, na mpaka leo kinasomwa na Mashafi hata nje ya Afrika.

Ili maimamu na wanafunzi wanufaike, tutazieleza istilahi kubwa kwa ufupi:

(i) Al-Adh-har: ni kauli yenye nguvu zaidi katika kauli mbili au zaidi za Imam Shafi mwenyewe, na ile ya pili nayo ina nguvu.

(ii) Al-Mash-hur: ni kauli ya Imam Shafi pia, lakini inayopingana nayo ni dhaifu.

(iii) Al-Asahh: hapa khilafu si baina ya kauli za Imam, bali ni baina ya rai za wanafunzi wa madhehebu yake, na rai ya pili ina nguvu.

(iv) As-Sahih: ni khilafu ya wanafunzi vile vile, lakini rai ya pili ni dhaifu.

(v) Al-Madhhab: khilafu iko katika njia za kunukuu madhehebu, baadhi wananukuu kauli mbili na wengine wanakata kuwa ni moja.

(vi) An-Nass: ni tamko la Imam Shafi lenyewe, na mkabala wake ni rai dhaifu au kauli iliyotolewa kwa kufananisha.

(vii) Al-Jadid na al-Qadim: jadid ni madhehebu yake ya Misri, na qadim ni ya Iraq. Kwa kawaida kinachofuatwa ni jadid.

(viii) Qila: ni rai dhaifu, na iliyo sahihi ni kinyume chake.

Tutoe mfano mmoja tu tuone hatari ya kutozijua. Katika wakati wa Magharibi, Imam Nawawi anataja kuwa kwa qadim wakati unaendelea mpaka wekundu wa magharibi upotee. Kwa jadid, wakati unakwisha kwa muda wa kutawadha, kusitiri utupu, adhana, iqama na rakaa tano. Mtu aliyeambiwa tu kuwa jadid ndiyo inayofuatwa atawaambia watu wa kijiji chake kuwa aliyechelewa nusu saa Magharibi yake ni kadhaa. Lakini Imam Nawawi mwenyewe papo hapo ameongeza kuwa katika suala hili qadim ndiyo adh-har, na kwa hiyo ndiyo tunayoisalia. Neno moja tu, na sala za watu wazima wa mji zimesalimika.

Sasa tuangalie upande wa mahkama. Mwaka 1914 ilitoka London tarjuma ya Minhaj kwa Kiingereza iliyofanywa na E. C. Howard. Haikutoka katika Kiarabu. Ilitoka katika Kifaransa cha van den Berg, Mholanzi aliyeifasiri huko Batavia. Kitabu hicho ndicho kilichotumiwa na majaji wa Kiingereza wa Afrika ya Mashariki. Fikiri: mirathi ya yatima wa Makunduchi au wakfu wa shamba la minazi unapimwa kwa tarjuma ya tarjuma, na mwenye kupima hana khabari ya tofauti ya adh-har na asahh. Ukizingatia hayo utaona kuwa al-Ibtihaj ilikuwa na kazi kubwa kuliko darsa. Ilikuwa ni kuilinda hukumu ya Mwenyezi Mungu isipotezwe na watu wenye mamlaka juu yake bila ya ujuzi wake.

Na hatari hiyo haikuwa ya kudhaniwa. Mwaka 1894 Baraza la Rufaa la London lilibatilisha wakfu wa familia katika kesi iliyotoka Bara Hindi, kwa hoja kuwa sadaka iliyomo ndani yake si ya kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza hilo hilo likaitumia hukumu ile juu ya wakfu wa Mashafi wa mwambao wa Kenya, uliokuwa bado ni milki ya Sultani wa Zanzibar, ijapokuwa fiqhi ya Kishafi inasema wazi kuwa kuweka wakfu kwa dhuria kunajuzu. Sayyid Ahmed alikuwa keshafariki, lakini alilolihofia lilitimia.

KADHI NA MASHAIRI

Limebaki suali la ushairi. Wapo wanaoona kuwa mashairi hayamuelekei mtu wa dini, wakitoa hoja aya za mwisho wa Surat Shu'araa zinazowalaumu washairi. Lakini aya hizo hizo zimewatoa katika lawama walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Mtume (S.A.W.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit (R.A.), na Imam Shafi mwenyewe ana mashairi mashuhuri.

Na katika Minhaj suala hili halikuachwa. Imam Nawawi amelitia katika mlango wa ushahidi, kwa sababu linahusu uadilifu wa mtu: je, ushahidi wa mshairi unakubaliwa? Jawabu lake ni kuwa kutunga shairi na kulighani kunajuzu, isipokuwa likiwa la kumtukana mtu, au lenye maneno machafu, au la kumtaja mwanamke maalumu kwa mapenzi. Maana yake ni kuwa kipimo cha shairi ni kipimo cha maneno mengine yote. Zuri lake ni zuri na baya lake ni baya.

Sayyid Ahmed alitunga mashairi ya Kiarabu, na tumeona kuwa vitabu vyake viwili ni sherehe za mashairi ya mwengine. Kwa masheikh wa zama zile shairi lilikuwa ni chombo cha ilimu: nahau ilihifadhiwa kwa beti, tawhidi kwa beti, na fiqhi kwa beti. Kadhi aliyezoea kupima mizani na vina huwa mwangalifu wa maneno, na kazi ya hukumu nayo ni maneno. Neno moja la talaka, au neno moja la wakfu, linageuza maisha ya watu. Kwa hiyo ushairi wake haukuupunguza ukadhi wake hata kidogo.

KUFARIKI KWAKE NA ALIOWAACHA

Sayyid Ahmed bin Sumait alifariki hapa Unguja tarehe 13 Mfunguo Mosi 1343, sawa na tarehe 7 Mei 1925, na akazikwa penye Msikiti wa Ijumaa wa Malindi. Sahibu yake Sheikh Abdallah Bakathir alimtangulia katika mwaka huo huo wa 1925. Mji ulipoteza nguzo mbili kwa wakati mmoja.

Lakini aliacha watu. Mwanawe, Sayyid Omar bin Ahmed bin Sumait, naye alikuwa kadhi wa Unguja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya na mwenye gazeti la *al-Islah*, alikuja kusoma kwake. Sheikh Burhan Mkelle, mwalimu na mshairi, naye ni katika wanafunzi wa chuo hicho. Na sisi tunayajua mengi ya maisha yao kwa kazi ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy (Allah amrehemu), aliyewaandika wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki kwa Kiswahili, ili wasisahaulike.

MAZINGATIO

Tukirudi kwa wanafunzi wetu wa baada ya Magharibi, tunawajibu kwa mambo manne.

Kwanza, ukadhi na kazi zinazofanana nao ni faradhi ya kutoshelezana. Mahkama zetu za Kadhi hapa Zanzibar, zilizopangwa kwa sheria ya 1985 na kisha kwa sheria mpya ya 2017, zinashughulika na ndoa, talaka, mirathi, wakfu na malezi ya watoto. Haya ni mambo yanayogusa kila nyumba. Wakiyakimbia wajuzi, mwenye kuumia si serikali, ni yule mama aliyeachwa bila ya matumizi.

Pili, uhalali wa kuingia si uhalali wa kila kitendakacho baada ya kuingia. Kadhi anaulizwa kwa kila hukumu aliyoikata.

Tatu, anayeingia awe tayari kutoka. Asiyeweza kuishi bila ya cheo asikichukue, kwani siku ya mtihani atashindwa kufanya alilolifanya Sayyid Ahmed mwaka 1885.

Nne, asiyekuwa kadhi aogope ulimi wake. Kumuita sheikh muuza dini kwa sababu tu amepokea mshahara, bila ya kujua hukumu alizozikata na alizozikataa, ni kusema bila ya ilimu. Na kumtakasa kwa sababu tu amepewa kiti, nako ni kusema bila ya ilimu.

Na mwisho, tunawausia maimamu wa vijiji vyetu vya Kusini warejeshe darsa ya Minhaj pamoja na istilahi zake. Mawe ya Dimbani yamedumu zaidi ya miaka mia tisa na wenye kuyasoma ni wachache. Tusikubali kitabu chetu nacho kifikie hali hiyo, kikabaki rafuni kinabusiwa na hakifahamiki.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Sayyid Ahmed bin Sumait na masheikh zetu wote, awaongoze makadhi wetu katika haki, na atujaalie ilimu yenye manufaa. Amin.

Wallahu a'lam.